Maumivu ya Goti kwa Vijana Wanamichezo

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo linalosumbua familia nyingi, hasa wakati wa maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Kijana aliyekuwa akikimbia vizuri anaanza kulalamikia goti. Mzazi mmoja humwita mvivu. Mwingine humpeleka kuchuliwa au kuchanjwa chale. Yafaa kwanza tujue chanzo.

Chanzo chake
Misuli ya mbele ya paja hupita juu ya goti, kisha hushikwa kwa kano kwenye mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Kwa kijana anayekua, mahali hapo mfupa bado haujakomaa. Kila akimbiapo, arukapo au apigapo mpira, kano huvuta mahali hapo. Mazoezi yakizidi, sehemu hiyo huuma, huvimba, na baadaye huweza kuota nundu ngumu.

Hali hii ilielezwa mwaka 1903 na madaktari Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, ndiyo maana huitwa ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Huwapata zaidi wasichana wa miaka 10 hadi 13 hivi, na wavulana wa miaka 12 hadi 15. Si kansa, hauambukizi, wala si kurogwa. Kwa kawaida hutulia mifupa inapokomaa, ingawa nundu inaweza kubaki.

Tufanye nini nyumbani?
1. Tupunguze mbio na kuruka mpaka maumivu yapungue. Si lazima aache michezo yote. Akichechemea, apumzike.
2. Tuweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15, hasa baada ya mazoezi.
3. Maumivu yakitulia, anyooshe misuli ya paja: asimame ameshika ukuta, avute kisigino kuelekea makalioni, ahesabu hadi 30. Asijilazimishe.
4. Arudie mazoezi kidogo kidogo. Tuzungumze na mwalimu wa michezo ili asiadhibiwe.
5. Tusichue nundu kwa nguvu, wala tusichanje. Chale huweza kuingiza vijidudu.

Dalili za hatari
Si kila goti linalouma ni la ugonjwa huu. Tumpeleke kijana hospitali bila kuchelewa tukiona mojawapo ya haya:
- maumivu yanayomwamsha usiku, au yasiyopungua hata akipumzika;
- uvimbe unaozidi kukua, hasa juu ya goti au upande mmoja;
- homa pamoja na goti kuwa la moto na kuvimba (aende siku hiyo hiyo);
- kushindwa kukanyaga, au goti kukwama lisikunjuke;
- kuchechemea huku nyonga ikiwa ngumu, maana ugonjwa wa nyonga huweza kuuma gotini.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kansa ya mifupa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi vijana wanaokua, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Kijana akichuliwa nyumbani miezi kadhaa, huenda akafika hospitali amechelewa. Picha ya eksirei humsaidia daktari kutofautisha.

Wazazi wapendwa, watoto ni zawadi ya Mungu tuliyokabidhiwa. Mtoto akisema goti linauma, tumsikilize, tuliangalie goti lenyewe, ndipo tuamue.