AMINI INAVYOVUTA ASIDI KUTOKA MAJI

Wadogo wetu wanatuuliza sisi wa mwaka wa 6: hizi amini mnazokariri katika shimi zinasaidia nini? Tuangalie asidi sitriki, ile inayotia limonadi ukali wa ndimu.

Siku hizi haitoki sana ndani ya ndimu. Mwaka wa 1917 James Currie, kule Marekani, alionyesha kwamba ukungu mweusi, Aspergillus niger, ukilishwa sukari unaifanya kwa wingi. Lakini asidi hiyo imeyeyuka ndani ya maji, na kuchemsha maji tu haitoshi, juu uchafu unabaki pamoja nayo.

Njia ya zamani, ambayo ingali inatumika, ni kutia chokaa. Asidi inashuka chini kama chumvi ya kalsiamu, kisha asidi sulfuriki inaifungua. Tufanye hesabu: molekuli 2 za asidi sitriki (2 x 192) zinaacha molekuli 3 za jasi (3 x 172). Basi kwa kilo 1000 za asidi, kiwanda kinabaki na jasi kilo karibu 1340. Takataka inapita mali yenyewe! Wataitupa wapi?

Amini inafuata njia ingine. Ile wanayotumia iko na mikia 3, kila mkia kaboni 12, kwa hiyo inakataa maji na kukaa katika mafuta yanayofanana na petroli ya taa. Lakini azoti yake inapenda protoni. Inakamata protoni ya asidi, zinashikamana, na asidi inapanda katika mafuta. Sukari inabaki chini majini. Wanaongeza oktanoli, pombe nzito, sababu bila hiyo chumvi yao haiyeyuki vizuri. (Kule Katanga shaba nayo inavutwa katika mafuta hivyo hivyo, ila kwa dawa ingine.)

Kuirudisha je? Hapa ndipo patamu. Kushikamana kule kunatoa joto. Kumbukeni Le Châtelier: ukiongeza joto, mambo yanarudi nyuma. Basi wanakamata asidi kwa baridi, kisha wanakoroga mafuta yale na maji safi ya moto. Asidi inashuka majini, amini inarudi kazini. Chokaa hakuna, jasi hakuna. Baniel na wenzake walipata hati ya uvumbuzi huo Marekani mwaka wa 1981.

Bei yake ni moto: kupasha, kupoza, tena kuchemsha maji ya mwisho mpaka fuwele zitokee. Na mabaki ya mafuta lazima yaondolewe kabisa, maana watu watakunywa. Kiwanda kisicho na fasi ya kutupa jasi, sisi tungekipa amini. Penye chokaa karibu na moto wa bei kali, hapo darasani tungali tunabishana.