Neno la Mtu Lisikubadilishie Uso wa Jirani Yako

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, nilipokuwa kijana nilisoma madrasa katika kijiji kimoja cha Milima ya Uluguru, upande wa Kinole. Njiani palikuwa na nyumba ya ajuza mmoja. Kila alfajiri alikoka moto katika mafiga, nasi tukimwamkia, akitujibu marahaba kwa tabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuna aliyeyashangaa, kwa kuwa huko juu mvua hulowesha kuni, na moshi wake kila mpishi anaujua.

Kisha akafariki mtoto wa jirani. Mtu mmoja akarejea kutoka kwa mpiga ramli, akanong'ona barazani: "Mtazameni macho." Kesho yake nilipopita nikaona uso mwingine. Macho yale yale sasa yalinitisha. Tabasamu lile lile likaonekana ni kejeli. Nikapita bila kumwamkia. Bibi yule hakuwa amebadilika. Lililobadilika ni jicho langu, na aliyelibadilisha ni mtu mwingine.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, macho mekundu yamewagharimu vikongwe wengi maisha yao. Walipikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe kwa miaka mingi, moshi ukawaunguza macho, na mpiga ramli akaufanya wekundu ule kuwa ushahidi wa uchawi. 

Wataalamu wa saikolojia nao wameichunguza tabia hii. Mwaka 2014 jarida la Psychological Science lilichapisha utafiti ambamo watu waliziangalia picha za nyuso, wakazipa alama za mvuto, kisha wakaelezwa wenzao wamezipa alama gani. Walipoulizwa tena baada ya siku 1 au siku 3, alama zao zilikuwa zimesogea upande wa wenzao. Walioulizwa baada ya siku 7, au baada ya miezi 3, athari hiyo haikuonekana tena kwao.

Basi zingatia, ewe ndugu yangu. Neno la mwenzako juu ya uso wa mtu, likiachwa peke yake, hufifia. Linalolipa uhai ni kurudiwa: leo barazani, kesho kisimani, keshokutwa jikoni. Chuki ya miaka huenda isiwe neno moja zito, bali neno jepesi lililorudiwa kila wiki.

Uislamu umeufunga mlango huu kutoka pande zote. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tupeleleze habari ya mtu muovu kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea hadithi, ambayo wanazuoni wameijadili sanadi yake, kwamba Mtume (s.a.w.) hakupenda masahaba wapelekeane maneno kwake, ili awatokee akiwa na moyo safi. Na katika hadithi sahihi, si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu.

Kumbuka pia kisa cha Thumama bin Uthal, mkubwa wa Banu Hanifa, walichokipokea Bukhari na Muslim. Alifungwa katika nguzo ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) akawa anamjia kuzungumza naye. Siku ya tatu alifunguliwa. Akaenda kuoga, akarudi na kusilimu. Akakiri kuwa uso uliokuwa ukimchukiza kuliko nyuso zote sasa umekuwa kipenzi chake kuliko zote. Aliona mwenyewe, kwa karibu.

Enyi wazazi, mtoto humtazama shangazi yake kwa macho ya mama, na mjomba wake kwa macho ya baba. Mkimsema mtu mbele ya watoto, mnawarithisha uso ambao Mwenyezi Mungu hakuuumba. Na kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, ajuza ni shina la nyumba. Anayemchafua hakumchafua peke yake.

Ama yule bibi wa Kinole, siku ya tano maalimu wangu alinishika mkono, tukaenda kuketi penye mafiga yake. Tulimwamkia, akatukaribisha uji, tukanywa, na moshi ukatupata sawasawa. Tulipotoka, maalimu aliniangalia, akasema: "Mwanangu, macho yako mekundu."

Tangu siku ile sikupita tena nyumbani kwake bila shikamoo. Nawe, baada ya swala ya leo, nenda kamsalimie yule ambaye uso wake uliambiwa.

Wabillahi tawfiq.