Kwa Baiskeli Kutoka Mtoni Mpaka Kizimbani

Kwa nini Mtoni inaitwa Mtoni? Mtoto wa Unguja atakucheka ukimwuliza. "Si kwa sababu ya mto?" Kweli. Lakini mgeni aliyezoea Rufiji au Pangani akiuona mto wenyewe, atauliza, "Mto uko wapi?" Maana ni kijito tu. Kinashuka kutoka upande wa kilima cha Masingini, kinapita bondeni, kinaingia baharini.

Basi leo tutapanda baiskeli, tutoke Mtoni, tupite Bububu na Kidichi mpaka Kizimbani. Kwenda peke yake ni chini ya kilomita 15. Njiani tutajifunza mambo mawili: namna ya kupanda baiskeli juu ya changarawe bila ya kuanguka, na namna maji yanavyojenga nchi na yanavyobomoa barabara.

MTONI: MAJI YALIMVUTA MFALME

Mtoni iko kiasi cha kilomita 5 kaskazini ya Mji Mkongwe. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Unguja mwaka 1828. Baadaye alihamishia makao yake hapa, na jumba lake la Mtoni lilikuwa kando ya bahari, penye kijito. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa katika jumba hilo mwaka 1844. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake huko Ujerumani. Humo ameeleza jinsi maji ya kijito yalivyopita ndani ya jumba na kujaza birika za kuogea.

Jumba hilo liliungua mwaka 1914. Leo yamebaki magofu. Lakini maji bado yanashuka.

Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, naye aliyafuata maji ya upande huu. Aliyavuta kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini. Hata leo chemchemi za upande huu wa Unguja huwanywesha watu wa mjini. Ndiyo maana msitu wa Masingini umehifadhiwa. Miti huzuia mvua isikimbie baharini. Maji huzama ardhini polepole, kisha hutokea chini kwenye chemchemi. Ukikata miti, maji hayazami. Yanateremka kwa nguvu, na kitu cha kwanza yanachokipiga ni barabara.

BUBUBU NA KIDICHI

Haya, tuondoke. Kutoka Mtoni mpaka Bububu ni kilomita 5 hivi, juu ya lami. Shika kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake. Daladala husimama ghafla, kwa hiyo usiifuate kwa karibu.

Hapo zamani ilipita reli. Kampuni ya Kimarekani iliijenga mwaka 1904 na 1905, maili 7 kutoka mjini mpaka Bububu. Haikudumu. Katika miaka ya 1920 iliacha kufanya kazi. Wako wasemao kuwa jina la Bububu ni mlio wa gari moshi. Wengine husema ni mlio wa maji yanayobubujika. Wewe chagua unalolipenda.

Bububu tunakata kulia, tunaiacha bahari nyuma na kuingia mashamba. Lami imefika sehemu nyingi siku hizi, lakini njia za kuingia mashambani bado ni za udongo na changarawe. Sasa tunapanda.

Baada ya kilomita 3 au 4 tunafika Kidichi. Hapo pana hamamu iliyojengwa mwaka 1850. Sayyid Said aliijenga kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi, Shahrazad. Ndani, kuta zina nakshi za chokaa za mtindo wa Kiajemi. Shuka, pumzika, baiskeli nayo ipumzike.

Mbele kidogo ni Kizimbani. Inasimuliwa kuwa mikarafuu ya mwanzo ya Unguja ilipandwa hapa na Saleh bin Haramil, mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye Sayyid Said aliyachukua mashamba yake na akaamrisha mikarafuu ipandwe kwa wingi. Lakini tusisahau mikono iliyoipanda. Ilikuwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara. Nakshi za Kidichi na maji ya birika za Mtoni yalilipiwa kwa jasho lao. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, na tangu hapo karafuu nyingi hutoka Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Kwa hiyo nazi, ndizi, mihogo na viungo vinavyoteremka leo kwa baiskeli ni mali ya wakulima wadogo. Barabara ikikatika, ni wao wanaokatikiwa.

SOMA UDONGO KABLA YA KUUPITA

Wewe umejifunza kusoma maandishi. Sasa jifunze kusoma njia. Wakulima wa Unguja wana majina ya udongo, na kila jina lina somo lake kwa mpanda baiskeli.

Kichanga: Huu ni udongo wa mchanga. Gurudumu huzama. Usikate kona ghafla. Shika usukani sawasawa, endelea kukanyaga, pita moja kwa moja. Ukishindwa, shuka usukume.

Kinongo: Ni udongo mwekundu. Ukikauka ni mgumu na unapitika vizuri. Mvua ikinyesha, juu yake huteleza.

Kinamo: Ni udongo wa kunata wa mabondeni, ambako mara nyingi hulimwa mpunga. Ukilowa, hujaa baina ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu linagoma. Usishindane nao. Beba baiskeli au ungoje ukauke.

Changarawe: Tafuta mkondo uliokwisha kanyagwa na magurudumu ya gari. Pembeni mawe hulala ovyo, na huko ndiko watu wanakoanguka.

KANUNI ZA MTEREMKO

Kupanda kilima kunachosha tu. Kuteremka ndiko kunakovunja watu mikono. Basi shika haya:

1. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.
2. Anza na breki ya nyuma. Ukibana ya mbele kwa nguvu juu ya changarawe, gurudumu la mbele litateleza, na wewe chini.
3. Breki za baiskeli nyingi hubana rimu. Rimu ikilowa, breki haishiki upesi. Ukitoka kwenye maji, bana kidogo kidogo mpaka rimu ikauke.
4. Usijaze upepo mpaka mpira ukawa kama jiwe. Baiskeli itarukaruka. Wala usiuache laini mno, hasa ukiwa na mzigo. Ukigonga jiwe, mpira wa ndani utabanwa na rimu na kutoboka.
5. Mzigo uwe chini na ulingane pande zote mbili. Tenga moja upande mmoja ni safari ya hospitali.
6. Maji yakivuka njia kwa kasi, usivuke. Huoni shimo lililo chini yake.

Huenda ukasema, "Haya ni mambo ya kawaida, nani hayajui?" Basi fahamu kwamba siku hizi kupanda baiskeli kwenye changarawe ni mchezo mkubwa duniani. Mwaka 2021 Kenya ilianza mashindano ya namna hiyo huko Maasai Mara. Mwaka 2022 mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika kwa mara ya kwanza, nchini Italia. Wenzetu wanashindania medali. Mkulima wa Kidichi mwenye matenga mawili ya ndizi na breki moja nzima hajapewa medali bado!

ADUI WA CHANGARAWE NI MAJI

Watu hudhani magari ndiyo yanayoharibu barabara. Magari huharibu, lakini maji ndiyo hasa adui. Barabara nzuri ya changarawe hujengwa ikiwa imeinuka katikati kama mgongo wa samaki. Mvua ikianguka, maji humiminika pembeni, huingia mtaroni, kisha hutolewa kwa michirizi mpaka mahali pasipo na madhara.

Sasa tazama tunayoyafanya. Mmoja anatupa makumbi ya nazi mtaroni. Mwingine anaufukia mtaro ili gari iingie nyumbani kwake, wala hakuweka bomba chini. Masika yanakuja, Machi mpaka Mei. Maji yanaukuta mtaro umeziba. Yatakwenda wapi? Yatapanda barabarani. Mara ya kwanza yatachora mstari mwembamba tu. Mara ya pili mstari utakuwa mfereji. Mwisho wa masika pana korongo, na changarawe yote iko bondeni, imeziba kijito.

Hapo mtoto hafiki skuli kwa baiskeli. Mama mjamzito hafiki hospitali kwa haraka. Ndizi zinaiva shambani na kuoza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuzibua mtaro ni kazi ya jembe moja na asubuhi moja. Kujenga upya barabara ni kazi ya serikali nzima, na utangoja.

Kwa hiyo kila kijiji kizibue mitaro yake mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika, na kabla ya mvua za vuli za Oktoba mpaka Disemba. Tusichimbe mchanga kando ya barabara. Tusikate miti iliyo juu ya chemchemi. Maji yale yale yaliyomvuta mfalme Mtoni yanaweza kutunywesha au kutukatia njia. Uamuzi ni wetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Udongo wa njia ya kijijini kwenu ni wa namna gani? Ukilowa unakuwaje?
2. Maji ya mvua ya barabara yenu yanakwenda wapi? Nendeni mkaangalie.
3. Ni mtaro upi uliozibwa, na nani atauzibua kabla ya masika?