Nasaba ya Pori la Akiba

Mchungaji anayeswaga ng'ombe kutoka Bukundi kwenda kaskazini mwezi wa tisa, malisho ya nyumbani yakiwa yamekwisha, hukutana na mipaka mitatu, mmoja baada ya mwingine. Kwanza kuna ardhi ambayo vijiji vya wilaya ya Meatu vimeitenga kwa ajili ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao. Kisha linaanza Pori la Akiba la Maswa, ambako kuingiza mifugo bila kibali ni kosa la jinai. Mbele zaidi iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako hakuna kulima, kuchunga wala kujenga kaya.

Huko Meatu habari za mipaka hii ni za juzi na jana: ng'ombe waliokamatwa, faini iliyolipwa, tembo walioingia shambani usiku. Ni habari nzito, lakini hazielezi kwa nini mtu aliwahi kuwaza kwamba nchi kubwa namna hii yafaa ibaki bila watu. Wazo hilo halikuzaliwa Usukumani, wala kwa Wataturu, wala kwa Wahadzabe ambao wamewinda kuzunguka Ziwa Eyasi tangu zamani sana. Lilizaliwa Uingereza na Marekani, katika namna mataifa hayo mawili yanavyojieleza yenyewe ni akina nani. Asiyeijua historia yao ataliona Pori la Maswa kama amri tu ya serikali.

Tuanze na Waingereza. Mwaka 1066 Wanormani waliivamia nchi yao, na mwaka 1079 hivi mfalme William akatenga eneo kubwa la kusini, linaloitwa New Forest hadi leo, ili awinde kulungu. Humo mlikuwa na vijiji. Eneo likishatangazwa kuwa la mfalme, mwanakijiji hakuruhusiwa kumgusa mnyama hata akila mazao yake, na adhabu zilikuwa kali. Watu hawakunyamaza. Mwaka 1217 ilitolewa Hati ya Misitu, ndugu ya ile Magna Carta inayotajwa sana, nayo ikawarudishia watu huru haki ya kuchunga na kuokota kuni ndani ya misitu ya mfalme. Ugomvi haukuishia hapo. Mwaka 1723 Bunge la London lilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kunyongwa kwa kuwinda kulungu akiwa amejipaka masizi usoni. Na katika karne zote hizo, shujaa mpendwa wa hadithi za Waingereza alikuwa Robin Hood, anayeishi msituni na kula kulungu wa mfalme. Kwa maneno ya leo, taifa hilo lilimfanya jangili kuwa shujaa wake.

Kwa hiyo ndani ya Uingereza kulikuwa na Uingereza mbili. Moja ni ya bwana mwenye bunduki, farasi na mbwa, anayeamini kuwa kuwinda ni alama ya ungwana. Nyingine ni ya mtu wa kawaida, mwenye haki ya mapito, malisho na kuni, haki iliyopiganiwa kwa miaka mia kadhaa. Shida yetu ni kwamba iliyopanda meli kuja Afrika Mashariki ni ile ya kwanza peke yake.

Mfano mzuri ni Edward North Buxton. Huko kwao, kaskazini mashariki mwa London, alikuwa miongoni mwa waliopigania msitu wa Epping usigawanywe na matajiri, na sheria ya mwaka 1878 ikauacha wazi kwa umma, huku wenyeji wakiendelea kulisha ng'ombe humo. Mwaka 1903 Buxton huyo huyo alianzisha London chama cha kuhifadhi wanyamapori wa Dola ya Uingereza. Wanachama wake wengi walikuwa mabwana wakubwa waliokwisha kuwinda Afrika na wakaanza kuona wanyama wanapungua. Hawakuliona kosa kwenye bunduki zao. Waliliona kwa Mwafrika mwenye mtego na upinde. Mwaka 1930 chama kilimtuma Meja Richard Hingston kuzunguka makoloni, Tanganyika ikiwamo, naye akarudi na pendekezo la hifadhi za taifa. Mkataba wa London wa mwaka 1933 ukaliweka wazo hilo katika sheria za kimataifa.

Sasa twende kwa Wamarekani, maana wazo la hifadhi ya taifa ni lao. Hawakuwa na makasri ya kale wala makanisa ya miaka 800 ya kujivunia mbele ya Ulaya. Walichokuwa nacho ni milima, mabonde na chemchemi za maji moto, na humo wakajenga fahari yao. Machi 1872 Rais Ulysses Grant alitia saini sheria ya kuanzisha Yellowstone, hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Mwaka 1893 mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisimama Chicago na kueleza kwamba Mmarekani alifanywa kuwa Mmarekani na mpaka wa nchi isiyofugwa. Huko ndiko alikojifunza uhuru, usawa na kujitegemea. Kama ni hivyo, nchi isiyofugwa ikiisha, taifa nalo litabaki na nini? Hofu hiyo ilimsukuma Rais Theodore Roosevelt kutenga mamilioni ya ekari, na hofu hiyo hiyo ilimleta kuwinda Kenya, Uganda na Kongo mwaka 1909 na 1910, ambako yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500.

Nchi ile ya Marekani isiyofugwa haikuwa tupu. Ndani ya Yellowstone waliishi Watukudika, tawi la Washoshone, wawindaji wa kondoo wa milimani. Waliondolewa wakapelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa kwa Wahindi Wekundu, na wageni wakaambiwa kwamba Wahindi hawakuwahi kukaa pale kwa kuwa waliogopa maji yanayoruka kutoka ardhini. Ulikuwa uongo. Kuanzia mwaka 1886 hadi 1918 hifadhi hiyo ililindwa na jeshi la Marekani. Baadaye, mwaka 1964, sheria ya nchi hiyo ililieleza pori la asili kuwa mahali ambapo binadamu ni mgeni asiyekaa. Anayetaka kuelewa kwa nini mtalii aliyefika Serengeti hukunja uso anapoona boma mbele ya kamera yake, jibu liko katika fikra hiyo.

Tanganyika ya Waingereza ilivutwa pande mbili. Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton, ofisa wa kikoloni aliyeongoza utafiti wa mbung'o, serikali iliwahimiza Wasukuma wafyeke vichaka ili mbung'o wafe na ng'ombe wapate kuishi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliokuwa na makao yake Malya, ulichimba mabwawa na kuwasukuma watu kwenda kwenye nchi mpya ambako hapakuwa na msongamano. Serikali hiyo hiyo, kwa mkono mwingine, ilikuwa ikichora mipaka ya wanyama upande wa mashariki. Mtu aliyeambiwa hamia huku alikuta baada ya muda mfupi kwamba huku nako kunafungwa.

Hapa naomba msomaji aushike mwaka mmoja: 1951. Mwaka huo Serengeti ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo Uingereza nayo ilipata hifadhi ya taifa ya kwanza, Peak District, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1949. Chimbuko la hiyo ya kwao ni vijana wafanyakazi, wengi wao wa Manchester, ambao Aprili 1932 walipanda kwa mamia kwenye mlima Kinder Scout, ardhi ya uwindaji wa mabwana, kudai haki ya kutembea. Watano walifungwa jela. Miaka 17 baadaye sheria ilikuwa upande wao. Ndani ya Peak District leo wanaishi watu zaidi ya 30,000, wana mji wao wa Bakewell, wana mashamba na kondoo, na hakuna aliyehamishwa ili pawe hifadhi. Serengeti, serikali iliyoongozwa kutoka London iliwahamisha Wamaasai mwaka 1959 baada ya wazee wao kutia saini makubaliano mwaka mmoja kabla, na upande wa magharibi Waikoma na Wasukuma walipoteza sehemu za kuwindia na kuchungia. Taifa moja, miaka ile ile, jina lile lile la hifadhi, na maana mbili zisizokutana.

Pori la Akiba la Maswa lenyewe lilianzishwa mwaka 1962, baada ya Uhuru. Hapo hatuna Mwingereza wa kumlaumu. Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Azimio la Arusha la wanyamapori Septemba 1961, akiahidi kuwalinda kwa ajili ya wajukuu zetu, na nchi changa ilihitaji fedha za kigeni na wataalamu. Wamarekani walikuwa tayari: shirika lililoanzishwa Washington mwaka 1961, linaloitwa sasa African Wildlife Foundation, lilisaidia kuanzisha Chuo cha Mweka mwaka 1963, na maofisa wetu wakafundishwa uhifadhi kwa fikra ile ya Yellowstone. Tuliirithi nyumba na hatukubadilisha hata milango yake.

Sisemi kwamba mipaka yote ingefutwa. Nyumbu wanaohama hawawezi kuishi katika vipande vya ardhi kati ya mashamba ya pamba, na bila Maswa huenda kusini magharibi mwa Serengeti pangekwisha zamani. Ninachosema ni kwamba Usukuma ulikuwa na fikra yake ya kuhifadhi, na haikuulizwa. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kinapokaza, chini ya kanuni za jamii zenye adhabu zake. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 na kuifikia Meatu pia, uliifufua desturi hiyo, na ngitili zikaongezeka kutoka hekta 600 hivi hadi zaidi ya 300,000. Miti ilirudi, na watu wakabaki makwao.

Jumuiya za hifadhi kama Makao, zilizotokana na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998, ni jaribio la kukutanisha fikra hizi. Kijiji kinatenga ardhi kwa uamuzi wa mkutano mkuu, kinachagua wawakilishi na kupata sehemu ya mapato ya utalii na uwindaji. Lakini mnyama ni mali ya serikali, na idadi ya wanyama watakaowindwa kila mwaka hupangwa na mamlaka za serikali. Peak District wawakilishi wa vijiji vya ndani wana viti katika chombo kinachoamua matumizi ya ardhi yote ya hifadhi. Meatu, sauti ya kijiji inakoma kwenye kigingi cha Maswa.