Barafu Iliyo Juu ya Simiyu

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe ilikipiga kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, ikabomoa nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Kahama iko Shinyanga, mkoa uliozilea Bariadi, Maswa na Meatu mpaka Simiyu ilipozaliwa mwaka 2012. Mkulima wa pamba wa Itilima naye anaijua mvua hiyo: ikipita shambani, majani na vitumba vinalala chini.

Mawe yale hutengenezwa mawinguni, na mawingu hayo ndiyo wanayokutana nayo abiria wa Bariadi wanaoshika barabara ya Lamadi na Magu kwenda kupanda ndege Mwanza.

Joto hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Kanda ya Ziwa, ukifika kati ya mita 4,500 na 5,000 kutoka usawa wa bahari, hewa iko kwenye nyuzi 0. Mlima Kilimanjaro, ambao uko karibu latitudo moja na Bariadi, una barafu kileleni kwa sababu hiyo hiyo. Lakini matone ya maji mawinguni hayagandi papo hapo. Mengi hubaki maji hata kwenye nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na yakigusa kitu kigumu, kama ukingo wa mbele wa bawa, huganda hapo hapo.

Uzito wa barafu hiyo si tatizo kubwa kuliko yote. Bawa huibeba ndege kwa sababu ya umbo lake, na hewa inatakiwa kuteleza juu yake bila kuvurugwa. Utando mwembamba wa barafu wenye ukwaruzo kama wa msasa unaweza kupunguza nguvu ya kuinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40.

Hapa ndege za pangaboi zinastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Ndege kubwa za jeti hupanda haraka hadi zaidi ya mita 10,000, ambako baridi ni kali kiasi kwamba sehemu kubwa ya maji imeshaganda, na chembe kavu za barafu hazishiki bawa kirahisi. Q400 ya Air Tanzania au ATR ya Precision Air huishia kama mita 7,600. Maana yake, safari yake inaweza kupita muda mrefu ndani ya tabaka lenye maji ya hatari.

Msafiri anayetembea kuifuata ndege ya aina hiyo uwanjani Mwanza atazame mbele ya mabawa: ataona ukanda mweusi wa mpira. Ndani yake mna mifuko bapa. Barafu ikijijenga, hewa kutoka kwenye injini huijaza mifuko hiyo kwa sekunde chache, mpira unavimba, barafu inapasuka na kupeperushwa na upepo. Kisha hewa inanyonywa, mpira unarudi bapa kusubiri zamu nyingine. Kampuni ya Goodrich ya Marekani iliingiza teknolojia hii sokoni miaka ya 1930, na bado inafanya kazi. Mapangaboi yenyewe hupashwa moto kwa umeme, na vipande vya barafu vinavyorushwa nayo hugonga ubavu wa ndege, ambao umewekewa kinga mahali hapo. Abiria aliyekaa karibu anaweza kuvisikia.

Ndege ya jeti kama Airbus A220 hutumia njia nyingine: hewa ya moto kutoka kwenye injini hupitishwa ndani ya ukingo wa bawa. Boeing 787 hupasha mabawa yake kwa umeme.

Mpira una mipaka yake, na mipaka hiyo ilijulikana kwa gharama kubwa. Tarehe 31 Oktoba 1994, ATR 72 ya American Eagle ilikuwa ikizunguka angani ikisubiri kutua Chicago. Matone makubwa kuliko kawaida yaliganda nyuma ya ukanda wa mpira, mahali usipofika. Ndege ikaanguka Roselawn, Indiana, na watu wote 68 wakafa. Baada ya hapo ukanda wa ATR ulipanuliwa, na marubani wakapewa maelekezo ya kutambua hali hiyo mapema na kuondoka, wasiing'ang'anie. Nje ya dirisha la rubani wa ATR kuna kijiti kidogo, chenye taa kwa usiku. Kikishika barafu, naye anajua bawa linashika.

Kuondoka huko ni rahisi zaidi Tanzania kuliko Canada wakati wa baridi, ambako kuganda kunaweza kuanzia ardhini. Uwanja wa Mwanza uko kama mita 1,150, na sehemu kubwa ya ardhi kati yake na Dar es Salaam iko chini ya mita 2,000. Rubani akiomba kushuka hadi mita 4,000, bado ana nafasi ya kutosha juu ya ardhi, na hewa ya huko ina joto la kuyeyusha kilichobaki bawani.