Pembe Iliyokunjwa: Sanduku la Besi kwa Kwaya Yenye Umeme Mdogo

Vigango vingi vya pwani yetu vina kinanda cha umeme siku hizi, na gitaa moja au mawili, na kipaza sauti cha padri. Taabu ni umeme wenyewe. Pengine unatoka katika paneli ya jua na betri moja, na betri hiyo ina kazi ya taa pia. Siku za kawaida mambo huenda vizuri. Lakini siku ya somo wa kigango, Misa inaposomwa nje chini ya miembe kwa kuwa watu hawaenei ndani, sauti za juu husikika mpaka barabarani, na besi haisikiki hata benchi la tatu. Wanaume wa besi wanafungua vinywa tu. Mgeni angedhani wanapiga miayo.

Hapo ndipo michango huanza: tununue amplifaya kubwa, tununue sabufa kubwa ya dukani. Kwa mwenye fedha shauri hilo si baya. Lakini amplifaya kubwa inakula betri, na betri ikiisha kabla ya Komunyo kwaya nzima inabaki bubu. Iko njia nyingine, nayo inadai mbao, gundi na subira kuliko fedha. Kijana wa Kaole au wa Bagamoyo anayejua kushika msumeno na kupima sawasawa anaweza kuifuata, hata kama hajatengeneza sanduku la spika maishani mwake.

Njia yenyewe ni pembe. Wazee wa pwani hawakuwa na umeme, nao walipotaka kuita mji mzima walipuliza baragumu. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, yenye urefu wa karibu mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Pumzi ya mtu mmoja ilitosha kupeleka sauti mbali, kwa sababu umbo la pembe linasaidia pumzi ishike hewa.

Mvuvi ataelewa jambo hili upesi. Ukipiga maji kwa ufito, mkono unachoka na ngalawa haiendi, kwa maana maji yanaponyoka kandokando. Ukishika kasia, maji yanakataa kuponyoka, nguvu yako inakuwa mwendo. Koni ya spika katika sanduku la kawaida ni ule ufito. Katika umeme inaopewa, sehemu 1 hivi katika 100 hugeuka sauti, mara nyingi hata pungufu. Iliyobaki yote huwa joto. Pembe iliyotengenezwa vizuri hufikisha sehemu 10 katika 100, na zaidi. Sanduku dogo la mwanzilishi halitafika huko. Lakini hata likizidisha sauti mara 4 tu, amplifaya ya wati 20 inafanya kazi ya wati 80, na betri yako haijui tofauti.

Jambo hili si geni duniani. Majumba ya sinema ya miaka ya 1920 na 1930 yalijaa sauti kwa amplifaya dhaifu sana, kwa kuwa spika zake zilikuwa za pembe. Baadaye Mmarekani mmoja, Paul Klipsch, alibuni pembe ya besi iliyokunjwa ya kuwekwa kwenye kona ya chumba, na mwaka 1946 akaanzisha kazi ya kuziunda katika mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas. Pembe ya namna hiyo inaundwa mpaka leo.

Kwa nini ikunjwe? Hesabu ni nyepesi. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Gawanya, utaona kwamba wimbi moja lina urefu wa mita 8 na nusu. Sauti nzito inataka njia ndefu; ndiyo sababu vinanda vya mabomba vya makanisa makubwa vina mabomba ya besi ya futi 16. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulivisifu vinanda hivyo, ukaruhusu na ala nyingine zinazofaa ibada. Lakini nani atalipandisha bomba la futi 16 kigangoni? Tarumbeta inatuonyesha dawa. Ikinyoshwa hupata karibu mita moja na nusu, na tuba hupita mita 5, hata hivyo mpigaji wa beni anaichukua mikononi akicheza. Sauti nzito haijali kona, kwa maana wimbi lake ni refu kuliko kona yenyewe mara nyingi.

Basi tuje kwenye mbao. Tafuta spika moja ya inchi 8, yenye sumaku kubwa na koni nyepesi. Ya gari iliyotumika inafaa kama koni haijapasuka. Isukume polepole kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza ndani, mrudishie mwenyewe. Tafuta na plaiwudi ya milimita 18, mbao mbili za futi 8 kwa 4, na utabakiza. Usidanganywe na mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa. Unyevu wa bahari huzivimbisha kama mkate ndani ya chai.

Kanuni ya pembe hii ni moja tu, nayo inakaa kichwani bila kuandikwa: kila nusu mita, njia iwe maradufu. Koo ni sentimita za mraba 100. Baada ya nusu mita ni 200, baada ya mita moja 400, mita moja na nusu 800, na mdomoni, mita 2, ni 1,600. Ukiufanya upana wa ndani uwe sentimita 40 tangu mwanzo hadi mwisho, kinachobadilika ni kimo tu: sentimita 2 na nusu, kisha 5, kisha 10, kisha 20, kisha 40. Mbao zilizonyoka zitoke alama hadi alama. Hakuna haja ya kuzipinda.

Mkunjo ni mmoja. Sanduku lina urefu wa ndani wa mita 1 na kina cha sentimita 58. Mita ya kwanza ya njia inakwenda upande mmoja, ikikua kutoka 2 na nusu hadi 10. Inazunguka mwisho wa ubao wa kati, ambao umeachiwa nafasi ya sentimita 10 kabla ya kufika ukutani. Kisha mita ya pili inarudi ilikotoka, ikikua kutoka 10 hadi 40, na huko ndiko kwenye mdomo. Nyuma ya njia ya kwanza inabaki nafasi yenye umbo la kabari. Upande wenye koo nafasi hiyo ina kina cha sentimita 12. Kata sentimita 25 za mwanzo kwa ubao wa kusimama, utapata chumba kilichofungwa cha lita 14 hivi. Humo ndimo spika inamokaa, ikitazama koo kupitia tundu la sentimita 10 kwa 10. Weka pete ya plaiwudi kati ya spika na ubao, ili ukingo wa koni usigonge mbao inapotetemeka. Mfuniko wa chumba hiki ufungwe kwa skrubu, maana siku moja utataka kuitoa spika.

Kabla ya kukata chochote, chora sanduku lote sakafuni kwa chaki, kwa kipimo chake kamili. Mafundi wengine hucheka kazi hii, waache wacheke. Kosa la chaki linafutwa kwa kitambaa.

Kazi inayoharibu masanduku mengi ni uvujaji. Hewa ndani ya koo inasukumwa kwa nguvu, nayo hutafuta hata tundu la sindano. Kila kiungo kipakwe gundi ya mbao pande zote mbili na kukazwa kwa skrubu. Nyufa zijazwe gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno. Gundi ikiisha kukauka, piga wimbo wenye besi na upitishe mshumaa polepole kando ya viungo. Ndimi ya moto ikicheza mahali, hapo panavuja. Ubao mpana ukitetemeka chini ya kiganja chako, uongezee kipande cha mbao nje.

Kabla ya kuunganisha waya, gusisha betri ya tochi ya volti 1 na nusu kwenye spika, mara moja tu, uone koni inakwenda mbele au nyuma, kisha utie alama. Chukua amplifaya ndogo inayotumia volti 12 za betri. Yale mashine ya zamani ya umeme wa ukutani yaliyofunguliwa migongo si ya kuchezewa na vijana. Yana umeme wa kuua.

Wala usiidai pembe hii isichoweza. Mdomo wa sentimita 40 ni mdogo kwa wimbi la mita 8, hivyo noti za chini kabisa zitakuwa hafifu, na nguvu yake utaisikia kuanzia mitetemo 50 au 60 kwa sekunde. Sauti ya chini ya mwimbaji wa besi ni kama 80, kwa hiyo wanaume wako wamepona. Chini ya 40 pembe haiishiki koni tena, nayo hupiga hovyo mpaka ikatike; basi kile kitufe cha kuongeza besi kwenye amplifaya kiache katikati.

Mahali pa kuiweka ni nusu ya kazi. Ilaze sakafuni, ubavu wake ugusane na ukuta, mdomo uwe karibu na kona. Sakafu na kuta zinakuwa mashavu ya pembe, na mdomo mdogo unafanya kazi ya mdomo mkubwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama ule wa misikiti miwili ya kale katika magofu ya Kaole, hautikisiki, hivyo unarudisha sauti nzito yote. Ukuta wa makuti unaiacha ipite, na bati lililolegea litaimba wimbo wake lenyewe. Nje chini ya miembe, isogeze kwenye ukuta wa kanisa. Mkipata fedha ya sanduku la pili, yakae bega kwa bega yatazame upande mmoja, wala msiyatenganishe, maana midomo miwili iliyokaribiana ni kama mmoja mpana.

Na jirani? Sauti nzito hupenya ukuta ambao sauti nyembamba haipenyi, na Kaole ni mji wa Waislamu na Wakristu wanaoishi mlango kwa mlango. Mwenyekiti wa kwaya aende kwa majirani na kwa watu wa msikiti kabla ya siku ya kujaribu, awaambie saa ya kuanza na ya kumaliza, na adhana inapolia amplifaya izimwe. Sanduku likirudishwa stoo liinuliwe juu ya matofali, mdomo ufunikwe kwa wavu wa waya. Panya hupenda sana njia ndefu yenye giza, na mchwa wa pwani hawaulizi plaiwudi ilinunuliwa kwa bei gani.