Windows ikigoma kwenye kompyuta ya zamani, usikubali diski ifutwe

BUSIA. Mama mmoja anayenunua dagaa upande wa Kenya, wanakoitwa omena, na kuwauza upande wa Uganda, wanakoitwa mukene, aliketi kwenye kibanda cha fundi akiwaza jambo moja tu: orodha ya wadeni wake. Yote imo ndani ya kompyuta mpakato ya mwaka 2012 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, na asubuhi hiyo Windows ilikuwa imekataa kufunguka.

Fundi, kijana mwepesi wa mikono, alichomeka flashi yenye Windows 11. Ikakataa. Hapo hakukuwa na ubovu wowote. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kompyuta ya umri huo haina.

Akajaribu Windows 10. Kazi ilifika kwenye hatua ya kuchagua diski ikasimama. Ujumbe ulisema diski imepangwa kwa mtindo wa MBR, ilhali Windows inataka mtindo wa GPT. Kijana akashauri wafute diski yote waanze upya. Ingekubali, bila shaka, na orodha ya wadeni ingekwenda na maji.

Mama akafunga kompyuta yake, akavuka mpaka kwa fundi mwingine.

Huyu hakuanza na Windows. Aliiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux Mint, ambayo hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuwekwa ndani, akafungua diski na kunakili mafaili yote kwenye diski ya nje. Ni kazi ya muda mfupi ambayo mafundi wengi huiruka. (Diski iliyofungwa kwa BitLocker isingefunguka bila ufunguo wake.)

Kisha akarudi kwenye ule ujumbe. Kompyuta za miaka hiyo nyingi zinajua kuwaka kwa njia mbili: ya zamani, inayokwenda na MBR, na mpya ya UEFI, inayokwenda na GPT. Flashi ilikuwa imewashwa kwa UEFI huku diski ikiwa ya mtindo wa zamani. Kwenye orodha ya kuchagua pa kuwakia, flashi hiyohiyo ilionekana mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI mbele na nyingine bila neno hilo. Alichagua isiyo na neno hilo, na Windows 10 ikaingia bila diski kupangwa upya.

Kulikuwa na tatizo jingine. Tarehe ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, dalili kwamba betri ndogo ya saa imekwisha. Tarehe ikiwa hivyo, tovuti za benki na za kodi hukataa kufunguka, na mtu huishia kulaumu intaneti. Betri ikabadilishwa.

Fundi hakumficha mteja wake kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo akamshauri asifanyie malipo kwenye mashine hiyo. Au aweke Linux Mint moja kwa moja. Hesabu zake za Excel zingefunguka kwa LibreOffice. Mama akasema atafikiria. Orodha ilikuwa imeshafunguka, na tayari alikuwa kwenye simu na mdeni wa Tororo.